Nani Alisema Tumezaliwa Hivi? Wachumi na Rangi za Watu

Hotuba hii niliitoa Jinja, mbele ya walimu wa uchumi, wanafunzi wa S.5 na S.6 (miaka miwili ya mwisho ya sekondari), na wazazi waliofuatana nao. Mvua iliwazuia wengi waliotaka kufika, nao wakaniomba maandishi. Naiweka yote hapa kama nilivyoisema. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha.

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wenzangu, wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, nanyi wanangu mlio nyuma huko: kodheyo! Hamjambo nyote?

Mmenipa mada inayouma. Mmeniambia nieleze jinsi wachumi, tangu walipoanza kuandika vitabu vyao, walivyofikiri kuhusu rangi za watu. Nami nitalisema neno langu mapema, mnisikilize mkiwa mnalijua. Mtu akiuliza kwa nini kundi hili ni maskini na lile ni tajiri, majibu yamekuwa mawili. La kwanza linasema: tazama sheria, tazama kodi, tazama ardhi imegawiwa nani na bei imepangwa na nani. La pili linasema: wamezaliwa hivyo. Jibu la pili halichoshi kichwa, na mwenye mali linamfaa sana. Kwa hiyo limerudi kila kizazi likiwa na vazi jipya. Limevaa joho la profesa, limevaa takwimu, limevaa kofia ya gavana. Na sisi Waganda, nitaomba mnivumilie nikifika hapo, tumelivaa pia.

Tuanze mwaka 1776. Mskoti Adam Smith anatoa kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa, kile mnachokitaja katika kila mtihani. Wanafunzi wanakijua kwa sababu ya ule mfano wa kiwanda cha pini, unaoonyesha faida ya kugawana kazi. Wangapi kati yenu mmesoma kurasa chache baada ya pini? Humo Smith anawasimamisha watu wawili bega kwa bega: mwanafalsafa na hamali wa mtaani. Anasema tofauti yao haikuletwa na maumbile kwa kiasi kile tunachodhani. Imeletwa zaidi na mazoea, desturi na malezi. Anasema walipokuwa na umri wa miaka sita au minane walifanana mno, hata wazazi wao na watoto waliocheza nao hawakuona tofauti ya maana. Halafu mmoja akapelekwa huku na mwingine kule, na pengo likapanuka mpaka mwanafalsafa akaona aibu kukiri kwamba amewahi kufanana na hamali.

Lichukueni hilo mpaka stendi ya teksi ya Kampala. Kijana anayebeba mizigo pale na daktari anayepita akitafuta gari la hospitali ya Mulago: Smith anasema mlipoanza hamkutofautiana. Mwaka 1776!

Na kabla ya hapo, katika kitabu chake cha 1759, alikuwa ameandika juu ya Waafrika waliouzwa utumwani. Alisema hakuna mtu mweusi kutoka pwani ya Afrika asiyekuwa na ukuu wa moyo ambao roho ya bwana wake mara nyingi haiwezi hata kuuwaza. Kumbukeni aliandika hayo akiwa anafundisha Glasgow, mji ulioneemeka kwa tumbaku ya Virginia iliyolimwa na watumwa. Matajiri wa tumbaku walikuwa majirani zake. Ndiyo maana namheshimu.

Lakini sikuja kumsifu tu. Smith huyohuyo aliyapanga mataifa kwenye ngazi: wawindaji chini, juu yao wafugaji, kisha wakulima, na wafanyabiashara kileleni. Kwake yeye ngazi ile ilikuwa ya nyakati, watu wote waweza kuipanda. Waliokuja nyuma yake waliitazama ngazi ileile wakasema ni ya damu, na kwamba wengine hawawezi kupanda bila kusukumwa. Mtaona ngazi hiyo ilivyofika kwetu.

Jambo la pili linatupeleka Jamaica. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, na mwaka 1838 watu wale wakawa huru kabisa. Serikali ililipa fidia ya pauni milioni 20. Ililipwa nani? Mnyonge aliyepigwa viboko? La. Alilipwa aliyekuwa akimmiliki. Aliyefanya kazi maisha yake yote bila ujira hakupewa hata shilingi. Akajitafutia kipande cha ardhi mlimani, akalima chakula chake, na mwenye shamba la miwa alipomwita kwa ujira mdogo akakataa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1849 mwandishi mkubwa wa Uingereza, Thomas Carlyle, aliandika makala katika jarida moja la London. Alisema watu weusi wa visiwa vile wamekaa wanakula maboga huku miwa ikioza, na kwamba wana haki ya kulazimishwa wafanye kazi. Aliwakasirikia wachumi kwa sababu walisema ujira upatane na mahitaji ya soko, na mtu huru akubali kazi au aikatae. Ni katika makala hiyo alipoita uchumi sayansi ya huzuni, jina ambalo mpaka leo watu hulitaja wakicheka. Wengi hudhani alichukia hesabu zetu za njaa na idadi ya watu. Katika makala ile alikuwa akiwachukia waliokataa kiboko kirudi.

John Stuart Mill, mchumi maarufu kuliko wote wa wakati ule, alimjibu Januari 1850 katika jarida lilelile. Alisema ukiona miti miwili iliyotokana na mbegu za aina moja, mmoja mrefu na mwingine mfupi, utawezaje kuamua ni mbegu tu, usiulize juu ya udongo, mvua na dhoruba? Akaongeza kwamba Wamisri wa kale, kwa jinsi sanamu zao zinavyoonyesha, walikuwa watu weusi, na Wayunani walijifunza kwao ustaarabu.

Miaka 15 baadaye maneno yale yaligeuka damu. Oktoba 1865, huko Morant Bay, Jamaica, watu maskini waliandamana hadi mahakamani na ghasia zikazuka. Gavana Edward Eyre akatangaza sheria ya kijeshi. Watu zaidi ya 400 waliuawa na mamia wakachapwa viboko. London ikagawanyika. Mill akaongoza kamati iliyotaka gavana ashtakiwe kwa mauaji. Carlyle akaongoza kamati ya kumtetea. Eyre hakutiwa hatiani kamwe.

Mtasema basi Mill ndiye wetu. Ngojeni kidogo. Mill alikuwa mfanyakazi wa Kampuni ya India Mashariki kwa miaka 35, na mwaka 1859, katika kitabu chake kuhusu uhuru, aliandika kwamba utawala wa kiimla ni halali kwa watu aliowaita washenzi, mradi lengo liwe kuwaendeleza. Mtu aliyekataa kiboko cha Jamaica aliidhinisha gavana wa India. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sera iliyokuja kututawala hapa haikufuata njia ya Carlyle. Ilifuata njia ya huyu rafiki. Haikusema "ninyi ni wanyama". Ilisema "ninyi bado", na mtu anayeambiwa "bado" huambiwa hivyo mpaka anazeeka.

Nitapita haraka Marekani, ingawa kuna mengi. Chama cha wachumi wa Marekani kiliundwa mwaka 1885. Rais wake wa kwanza, Francis Walker, aliyewahi kusimamia sensa ya nchi nzima, aliwaita wahamiaji maskini kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya watu walioshindwa kutoka mataifa yaliyoshindwa. Watu weupe hao, jamani! Mtu akianza kupima damu, hata jirani yake mweupe haponi. Mwaka 1896 chama hichohicho kilichapisha kitabu cha Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya maisha. Alikusanya hesabu za vifo vya Wamarekani weusi, akahitimisha kwamba wanakufa kwa wingi kwa sababu ya hulka ya asili yao, na kwamba wataisha. Hoja za namna hiyo ziliwapa kampuni za bima sababu ya kuwanyima watu weusi bima au kuwatoza zaidi.

Kijana mweusi, W.E.B. Du Bois, aliyekuwa amesoma uchumi Berlin, alikipitia kitabu hicho. Alionyesha kwamba kulikuwa na miji ya Ulaya ambako watu weupe nao walikufa kwa viwango vya kutisha, na hakuna aliyesema hulka ya asili yao inawaua. Halafu akafanya kazi ambayo kila mwalimu wa takwimu angepaswa kuisimulia darasani: alikwenda nyumba kwa nyumba katika kata moja ya Philadelphia akiuliza kodi ya pango, kazi, mishahara, magonjwa, maji. Matokeo yake yalitoka mwaka 1899. Alipomaliza, vifo vile vilikuwa na anwani: nyumba zenye unyevu, kazi za chini ambazo hakuna kupanda cheo, kodi kubwa kwa chumba kibovu. Hoffman na Du Bois wote wawili walikuwa na namba, na namba hazikutosha kumzuia Hoffman asipotoke. Mwalimu akikwambia "takwimu zinasema", muulize kwanza nani alibisha hodi kwenye nyumba za watu.

Hayo yote yalikuwa ng'ambo. Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo nataka tukae.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kati ya Waingereza na ufalme ule, uliweka kodi ya nyumba: rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Rupia wakati ule ilitoka wapi? Huwezi kuichimba ardhini. Ama uuze kitu, ama uuze nguvu za mikono yako. Mwaka 1903 mbegu za pamba zikaletwa na kugawiwa, na wazee wetu wakalima. Buganda walilima, Busoga tukalima, Teso, Lango na Bukedi wakalima. Kufikia miaka ya 1920 pamba ndiyo iliyokuwa ikibeba mauzo ya nchi hii nje. Nani aliilima? Mkulima mwenye jembe la mkono na eka chache. Baadhi ya wakubwa, akiwemo Jaji Morris Carter, walitaka ardhi ipimwe kwa ajili ya mashamba makubwa ya Wazungu. Mkurugenzi wa kilimo, Simpson, alisema mkulima Mwafrika anatosha. Bei za dunia zilipoporomoka mwaka 1920 na 1921, wenye mashamba makubwa ya mpira na kahawa walifilisika. Mkulima mdogo alibaki, kwa sababu alikuwa na ndizi na viazi vyake. Soko lilikuwa limetoa hukumu, na kila mwenye macho aliiona.

Je, nadharia ilibadilika? Haikubadilika. Maofisa na waajiri, na baadaye wachumi waliowaandikia ripoti, waliendelea kusema Mwafrika hafuati bei. Walisema anafanya kazi akiwa na shabaha moja tu: kodi, blanketi, labda baiskeli. Akiipata anarudi kijijini kulala. Kwa hiyo, walisema, ukimwongeza ujira atachukua siku nyingi zaidi za kupumzika na chache za kazi. Ninyi wa S.6 mnaujua mchoro ule, ule mstari wa ugavi wa nguvukazi unaopanda halafu unapinda kurudi nyuma. Mnauchora bila kujua ulitumiwa kufanyia nini katika nchi yenu. Ulitumiwa kuhalalisha ujira mdogo! Kama kuongeza ujira kunapunguza kazi, basi dawa ni kutoongeza, na kupandisha kodi. Kenya, mbele ya tume ya kazi ya 1912 hadi 1913, walowezi walisema wazi: Waafrika wapunguziwe ardhi na waongezewe kodi, ndipo watakuja mashambani kwetu.

Hapa kwetu kulikuwa na kasanvu. Wazee, mliisikia kwa baba zenu? Kuanzia 1909 mwanamume wa Buganda asiyekuwa na kazi ya ujira inayotambulika aliweza kuchukuliwa kwa nguvu akaifanyie serikali kazi, kwa malipo yaliyokuwa chini ya soko. Ilikomeshwa mwaka 1922. Sasa nauliza: kama kweli watu hawakuwa na haja ya kupata, kwa nini waliikimbia kasanvu wakaenda kufanya kazi kwa aliyelipa vizuri zaidi? Waliifuata bei. Walichokataa ni bei iliyowekwa na upande mmoja.

Na sikilizeni hili, kwa sababu linatuhusu mpaka leo. Miaka ya 1920 serikali haikuhimiza pamba West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, kama ilivyoihimiza huku kwetu. Ilitaka wilaya zile zitoe watu wa kufanya kazi kusini, katika miwa na barabara. Mlugbara wa huko akapanda lori akaja kukata miwa, kwa sababu nyumbani kwake alinyimwa zao la kumlipia kodi. Mtu wa Kigezi, kusini-magharibi, akashuka kwa miguu. Waliotoka Rwanda na Burundi wakaja Buganda kulima mashamba ya wengine. Kizazi kimoja tu kilipita, na watu wakaanza kusema: "Hawa wameumbiwa kazi ya kibarua, na wale wameumbiwa kumiliki." Mmesikia lugha hiyo? Mimi nimeisikia harusini, nimeisikia kwenye basi, nimeisikia ikitoka kinywani mwa watu waliosoma. Uamuzi wa ofisini uligeuzwa hulka ya kabila.

Hata mshahara ulikuwa na rangi. Baada ya tume ya Holmes ya 1947 na 1948, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali, mtumishi wa serikali Mwafrika aliyefanya kazi ileile ya Mzungu alilipwa sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyekuwa karani katika ofisi moja ya serikali miaka ile. Alikuwa akitusimulia jinsi alivyomfundisha kijana aliyetoka ng'ambo namna ya kuweka vitabu vya hesabu, kisha mwisho wa mwezi akasaini mshahara wake mdogo kwenye daftari alilolipanga mwenyewe kwa mkono wake. Hakulia alipotusimulia. Alikuwa akitaja ile namba tu: tatu kwa tano, tatu kwa tano. Utaratibu huo uliondolewa baada ya tume ya Lidbury mwaka 1954. Wachumi walioutetea walisema Mwafrika mahitaji yake ni machache. Mahitaji! Mtu hulipwa kwa kazi, si kwa ukubwa wa sufuria yake.

Mwaka huohuo wa 1954 mtu mmoja aliandika makala iliyobadilisha elimu yetu. Arthur Lewis alizaliwa kisiwa cha Saint Lucia mwaka 1915. Alimaliza shule akiwa na miaka 14. Alitaka kuwa injinia, lakini aliandika baadaye kwamba serikali ya kikoloni isingemwajiri injinia mweusi, wala mashamba ya miwa yasingemwajiri. Akaenda London kusomea biashara, na mwaka 1948 akawa profesa Manchester. Mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mtu mweusi wa kwanza kuipata katika somo hili.

Watu husoma makala yake ya 1954 kwa ajili ya ule mfano wa sekta mbili, ya kisasa na ya kilimo cha kujikimu. Lakini ndani yake kuna sentensi ambazo mtu wa Uganda anapaswa kuzisoma akiwa amesimama. Lewis anaeleza kwamba ujira wa sekta ya kisasa hutegemea kile mtu anachoweza kupata kwenye shamba lake. Kwa hiyo mwajiri ana faida ya moja kwa moja shamba la mkulima likibaki duni. Na anasema dola za kibeberu Afrika zilifanya hivyo hasa: zilidhoofisha kilimo cha watu, ama kwa kuwanyang'anya ardhi, ama kwa kazi ya kulazimishwa, ama kwa kodi za kuwasukuma wakafanye kazi kwa mabwana. Kasanvu imo humo. Rupia 3 zimo humo. Lewis hakusema mtu mweusi ni mwema au mzungu ni mbaya. Alionyesha nani alinufaika na umaskini wa nani, na kwa njia ipi.

Miaka mitatu baadaye, 1957, Gary Becker wa Marekani akachapa utafiti wake juu ya ubaguzi. Alisema ubaguzi ni kama upendeleo ambao mtu yuko tayari kuugharimia: mwajiri asiyetaka mtu mweusi dukani atalipa zaidi kumpata mweupe, na ushindani ukiwa mkali atapoteza soko. Nampa Becker haki yake, kwa sababu alilazimisha wachumi wapime gharama ya chuki badala ya kuidai kuwa hulka. Lakini aliyekuwa Uganda mwaka ule angemwuliza: ushindani gani? Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kuchambua pamba yake mwenyewe. Viwanda vya kuchambua vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, kila eneo na kiwanda chake, bei imepangwa. Ghasia za 1945 na 1949 Buganda zilidai pamoja na mengine haki hiyo hasa: tuchambue pamba yetu, tuuze wenyewe. Haki hiyo ilianza kutolewa kupitia vyama vya ushirika, na kama ule wa Bugisu wa 1954 mnavyojua kwa upande wa kahawa, wakulima waliipokea kwa mikono miwili. Ubaguzi wetu haukuwa moyoni mwa mwenye duka tu. Ulikuwa kwenye leseni.

Na sasa, ndugu zangu, nifike pale nilipowaomba uvumilivu. Sheria zilimzuia asiye Mwafrika kununua ardhi ya mkulima Mwafrika bila ruhusa ya serikali. Sheria zilimzuia Mwafrika asichambue pamba. Basi Mhindi akabaki dukani na kiwandani, Mwafrika akabaki shambani, Mzungu ofisini. Tembeeni Main Street ya mji huu mtazame majengo yale yenye majina na miaka iliyochongwa juu. Kisha nendeni Walukuba, palipojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mji wenyewe ulichorwa kwa rangi. Watoto wakakua wakiamini kwamba Mhindi amezaliwa na biashara kwenye damu na Mwafrika hana akili ya biashara.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Aliita vita vya uchumi. Wengi walioshangilia walikuwa watu wazuri, watu waliokuwa wameonewa kweli. Lakini tazameni alichofanya. Hakuiuliza leseni. Hakuiuliza bei ya pamba. Aliuliza rangi ya mtu. Wahindi waliokuwa raia wa Uganda waliondoka na mizigo ya mkononi. Maduka na viwanda vikagawiwa, vingi kwa wanajeshi na watu wao, tukawaita mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Sukari, ambayo Lugazi na Kakira zilikuwa zikiizalisha tangu miaka ya 1920 na 1930, ikawa ya kupanga foleni. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, vyote vikaingia katika magendo. Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, anakumbuka. Mkulima maskini aliyeshangilia alipata nini? Alipata nadharia ileile ya gavana ikiwa imegeuzwa kichwa chini: utajiri uko kwenye damu, kwa hiyo ukiifukuza damu utajiri utabaki. Haukubaki, kwa sababu haukuwahi kuwa kwenye damu. Ulikuwa katika mikopo, mawakala, vipuri, mafundi na imani kati ya muuzaji na mnunuzi, na vyote hivyo huvunjika kwa siku 90. Miaka ya 1980 na 1990, mali ziliporudishwa, viwanda vingi ilibidi vijengwe karibu upya.

Leo tunasema Mkaramojong, mfugaji wa kaskazini-mashariki, hauzi ng'ombe kwa sababu hajui thamani ya pesa. Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Melville Herskovits, alizungumzia mapenzi ya ng'ombe ya Afrika Mashariki, na maofisa wakageuza maneno yale kuwa kisingizio cha kutouliza lolote zaidi. Hebu muulizeni Mkaramojong mwenyewe: mvua haina uhakika, soko liko mbali, bei huporomoka mwaka wa ukame wakati kila mtu anauza. Akiuza mapema atakula nini ukame ukifika? Hesabu yake iko sawa. Kilicho kibovu ni barabara na soko lake.

Ombi langu ni kwa walimu. Mkifika kwenye ule mstari unaopinda kurudi nyuma, msiufute. Uchoreni. Halafu andikeni pembeni yake rupia 3, andikeni 1909 na 1922, andikeni West Nile. Mwambieni mwanafunzi aende kwa mzee wa kijijini kwake amwulize: ulilipwa kiasi gani, kodi ilikuwa kiasi gani, nani alipanga bei, na ungeweza kumwuzia nani mwingine? Majibu yaandikwe, kijiji kwa kijiji, yaletwe mkutano ujao. Busoga peke yake inaweza kutupatia daftari ambalo hakuna chuo kinalo, lakini wazee wanaokumbuka pamba ya miaka ya 1950 wanapungua kila mwezi. Naomba kazi ianze likizo hii.

Mzee wa kiti cha pili, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja kasanvu. Karibu, tuanze na wewe.